Kilichofunikwa Kiandikwe Mgongoni

Vijana wangu wa kanisa, na weye Divine mbele ya wote,

Jumapili mliniletea picha mkaniambia, "Mama Neema, tutengenezee kadre nzuri, Jumamosi tunamkumbuka Komanda." Nikaipokea. Leo ni Jumatano, picha bado iko mezani kwangu, na simu yangu haipumui: mama, iko tayari? Haiko tayari. Na msisingizie magoti yangu, ingawa magoti nayo yana mashitaka yake.

Sababu iko kwenye ukingo wa kushoto wa picha. Komanda, mjomba wako Divine, amesimama katikati, miwani nyeusi, nyuma yake jipu, anatabasamu kama mtu aliyekula akashiba. Kushoto kabisa, pale picha inapoishia, umebaki mkono wa shati. Mkono tu, kutoka bega mpaka kiwiko, na vidole vya Komanda vimelikamata shati hilo kama mtu anayeshika kuku sokoni. Mwenye shati amekatwa. Mimi nadhani mkono huo naujua, na kabla sijapasua hata ubao mmoja nataka mnisikilize. Najua hamsomi kitu kirefu. Someni hiki tu, halafu mrudi kwenye video zenu za kucheza.

Mwaka jana, siku ya vijana, mliniomba nieleze kazi niliyofanya kabla sijastaafu. Mkanipa dakika tano na maikrofoni isiyo na betri. Basi leo ndiyo nazichukua zile dakika, na riba yake.

Nilitengeneza fremu za picha, ambazo sisi wa Kongo tunaziita kadre, zaidi ya miaka ishirini, kwenye karakana ya Mzee Faraji kule Pinetown, nje kidogo ya Durban, nyuma ya duka la matairi. Watu hudhani kazi hiyo ni mbao na kioo. Mbao unajifunza mwezi mmoja, kioo unajifunza siku utakayojikata. Kazi yenyewe ni paspatu, ile kadi nene inayoizunguka picha, yenye dirisha katikati. Anayekata dirisha ndiye anayeamua nini kionekane. Ukikosea milimita tatu, bwana harusi anabaki bila sikio. Kulikuwa na mchungaji mmoja, simtaji, aliyetaka dirisha lipitie juu kidogo ya viatu vyake ili asionekane amesimama juu ya kreti ya soda. Nilimkatia. Aliondoka mrefu na mwenye furaha.

Mengine nawapa bure, kwa sababu hakuna atakayekuja kuniuliza. Chini ya picha acha nafasi kubwa kuliko juu, la sivyo picha itaonekana inaanguka. Selotepu ni adui. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa mwepesi kama uji, na usiuache karibu na kikombe cha mwenye karakana. Mzee Faraji alikunywa robo kikombe asubuhi moja, akasema siku hizi Mama Neema amesahau sukari. Kioo kisiguse picha, maana unyevu wa Durban huvigandisha pamoja, na siku ya kuvitenganisha uso wa mtu unabaki kwenye kioo. Na usifunge kamwe mgongo wa fremu siku ya mvua. Hilo la mwisho lishikeni, nitarudi kwalo, maana lilinitia aibu kubwa kuliko zote.

Mzee Faraji alikuwa Mzanzibari wa Chatsworth, mtaa wa Wahindi hapa Durban. Zanzibar yenyewe hakuwahi kuiona. Watu wao walikuwa wakiitwa hivyo tangu enzi za babu zake, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kimetiwa Kimakua kidogo na Kizulu kingi. Alinikuta kwenye foleni ya taksi Pinetown, nimemfunga Neema mgongoni, namtukana kwa Kiswahili mtu aliyenipita. Akageuka akasema, "Wena, binti, matusi hayo sijayasikia tangu bibi yangu afariki. Unajua kufagia?" Nilijua kufagia. Baada ya mwaka nilijua kushika kisu.

Kosa langu la kwanza liliniondolea usingizi. Mteja alileta picha ya harusi ya wazazi wake. Picha ilikuwa pana kuliko fremu kwa kidole kimoja. Mzee alikuwa ameenda kuswali Ijumaa, mimi nikajiona fundi, nikachukua rula na kisu, nikapunguza kile kidole upande wa kulia. Ilikaa sawa kabisa. Mteja alipokuja hakutazama maharusi hata kidogo. Alitazama kulia, akauliza, "Nyanya yangu yuko wapi?"

Kumbe pale ukingoni alikuwa amekaa kikongwe mlangoni, nusu ndani nusu nje, maana hakupenda kupigwa picha. Na picha nyingine yake haikuwepo duniani. Mzee Faraji hakunipigia kelele. Alilimwaga pipa la takataka sakafuni, akapiga magoti na kanzu yake ya Ijumaa, akapekua vumbi la mbao mpaka akampata yule nyanya, mwembamba kama utepe. Alimuunganisha kwa siku tatu kwa karatasi laini na ule uji wangu wa ngano. Mshono ulionekana. Mteja alilia, akachukua picha yake, hakurudi tena.

Halafu Mzee akanikalisha. Alisema, "Sikiliza. Mteja akitaka kitu kisionekane, ni haki yake, ukuta ni wake. Lakini hukati. Unafunika. Na ulichokifunika mbele, unakiandika mgongoni kwa penseli: upande gani, nini, wangapi." Nikamuuliza nani atasoma mgongo wa picha iliyofungwa. Akacheka. Akaniambia watu wao walipohamishwa kutoka kule Bluff, kando ya bahari, kuletwa Chatsworth, serikali ya wakati ule iliwaandika kwenye karatasi zake katika fungu la Waasia, ili hesabu zake zikae vizuri. "Sisi tulishawahi kufunikwa, binti," akasema. "Kama bibi zetu wasingetuambia tulichokuwa, leo ningekuwa nakusalimia Kihindi." Kisha akanipa penseli, ile fupi ya seremala, nikawa natembea nayo kwenye nywele.

Sasa nawaletea Jenerali.

Siku moja aliingia mama wa Kizungu, ana miaka inayokaribia sabini, mgongo umenyooka kama rula yangu. Madam Ilse, alikaa kule juu milimani kupita Pinetown, kwenye ukungu. Alikuwa na sanduku dogo la ngozi. Tuliongea Kiingereza, yeye chake cha Kijerumani, mimi changu cha foleni za karatasi za ukimbizi, na tulielewana vizuri kuliko watu wanaokijua.

"Huyu ni baba yangu," alisema, akaweka picha mezani. "Alikuwa jenerali. Aliongoza divisheni ya vifaru katika vita ile kubwa. Nataka kazi yake yote kwenye fremu moja."

"Yote?" Mzee Faraji akauliza.

"Yote iliyo muhimu."

Mzee akanitazama. Tuliyajua hayo maneno.

Sababu yake aliitoa bila kuzunguka. Alikuwa anatimiza miaka sabini, na mjukuu wake, kijana anayesomea historia huko Ujerumani, alikuwa anakuja kwenye sherehe. Kijana alikuwa ameandika barua yenye maswali. Madam Ilse alitaka ukuta umjibu kabla yeye hajalazimika kujibu.

Picha zilikuwa kumi na nne, na mimi ndiye niliyezipanga, kwa hiyo maisha ya Jenerali nayajua kuliko ya mjomba wangu. Jina lake lilikuwa refu kama treni ya mizigo, na divisheni yake ilikuwa na namba ambayo nimeisahau kwa makusudi. Dirisha la kwanza, kijana juu ya farasi. Dirisha la pili nililipenda: baada ya vita ya kwanza Wajerumani walikatazwa vifaru, kwa hiyo maofisa wao walifanya mazoezi na gari dogo lililovikwa mbao na kadibodi likapakwa rangi lifanane na kifaru. Jenerali, enzi hizo kapteni, amesimama pembeni yake na uso wa mtu mwenye kazi nzito. Nilimwambia Mzee, huyu ni mwenzetu, ameanzia kwenye kadibodi. Ingekuwa heri angebakia hapo.

Hakubakia. Dirisha la nne Poland, la tano Ufaransa, vumbi na mdomo uliojaa meno. La saba Urusi, kiangazi, vifaru vimepanga mstari mpaka upeo wa macho, naye amesimama kwenye kimoja mpaka kiunoni, kama mtu anayeoga. Hapo akapandishwa cheo, akapewa divisheni nzima. Kisha theluji, na kutoka hapo Madam Ilse alianza kutumia neno ambalo sikuwa nalijua.

"Hapa baba alinyoosha mstari," alisema.

Nikauliza ni mstari gani. Akanieleza kwamba mstari wa mbele wa jeshi ukiwa na mikunjo mingi, kamanda mwenye akili huunyoosha, anarudisha watu wake nyuma kidogo. Dirisha la kumi, akanyoosha. La kumi na moja, akanyoosha tena. Nilifuata kwenye ramani: Jenerali alinyoosha mstari kutoka katikati ya Urusi mpaka uani kwake Ujerumani, na kila aliponyoosha walimpa kitu cha kuvaa shingoni. Mimi nilitembea kutoka kwetu Uvira mpaka Durban nikiwa na mtoto, na kila miezi kadhaa napanga foleni kueleza kwa nini nilikimbia. Laiti ningejua, ningemwambia yule karani wa ukimbizi kwamba sikukimbia, nilikuwa nanyoosha mstari.

Medali yenyewe Madam Ilse alikuja nayo, msalaba mweusi. Katikati palikuwa na majani madogo. Mzee akaigeuza chini ya taa, akasema kwa Kiswahili, "Hii imeshapitia kwa fundi mwingine." Na kweli, Madam Ilse alieleza kwamba ile ya vita ilikuwa na alama ya chama katikati, ule msalaba uliopinda mnaoujua, na baada ya vita nchi yao iliruhusu wazee kuvaa nakala ambazo alama imetolewa. Medali nayo ilikuwa na paspatu yake.

Halafu tukarudi kwenye picha ya tisa, aliyokuwa ameiruka.

Kijiji, barabara ya matope, kifaru. Jenerali ana ramani mkononi lakini haangalii ramani, anaangalia kushoto. Na kushoto, kando ya uzio, kuna watu wamesimama, mikono nyuma ya shingo. Mbele yao askari wamempa mpiga picha mgongo.

Madam Ilse aliweka ukucha wake kwenye picha, katikati ya Jenerali na wale watu. "Dirisha liishie hapa," alisema. "Na hiki kipande cha kushoto kikate, unipe mimi."

"Tunaweza kukifunika," nikasema.

"Sitaki kifunikwe. Nataka kiondoke." Kisha, polepole zaidi, "Aliporudi kutoka kwenye kambi ya wafungwa nilikuwa na miaka tisa. Alinifundisha baiskeli. Alikuwa anakimbia nyuma yangu ameshika kiti, na mguu wake ulikuwa na chuma ndani. Unaelewa? Mimi namjua huyo."

Nilielewa. Niwaambie ukweli, nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa sababu namwonea huruma. Nilipotoka kwetu niliacha watu walioshika viti vya baiskeli, na walioshika vitu vingine, na mara nyingi walikuwa watu walewale.

Macho ya Mzee Faraji enzi hizo yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, kisu alikuwa ameniachia. Madam Ilse alipoondoka nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Kisu kiko mkononi kwa nani?" Akaenda kuchemsha chai.

Nilikaa na ile picha mchana mzima, lenzi mkononi. Kisha nikakata dirisha pale pale ulipokuwa ukucha wake, picha nikaiacha nzima chini ya kadi, na mgongoni nikaandika kwa penseli, kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ninayohesabia. Kipande hakikuwepo cha kumpa. Alipouliza, nilimwambia karakana yetu haikati picha, ila hakuna jicho litakalokiona. Aliirudisha fremu mezani. Lakini sherehe ilikuwa imebaki siku mbili, akatia sahihi na kuichukua. Siku hiyo ilikuwa mvua inayomwagika, na mimi kwa haraka zangu nikafunga mgongo wa fremu hivyo hivyo, hewa yote yenye maji ikabaki ndani. Fundi wa miaka kumi, nimefanya kosa la mwanafunzi wa wiki mbili.

Baada ya miezi mitatu, fremu ikarudi. Kule juu kwenye ukungu kuvu ilikuwa imeota chini ya kioo, Jenerali ameota madoa mpaka kwenye farasi. Madam Ilse alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Nikamwambia lazima niifungue yote, kosa ni langu. Akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Fungua nikiangalia," alisema.

Nilitoa picha moja moja nikizilaza kifudifudi zikauke. Ya tisa ilipofika nilitamani kuipitisha haraka. Lakini penseli haifi kwa kuvu, Mungu shahidi, na maandishi yangu ni makubwa.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Kiswahili, madam."

"Inasema nini?"

Ningeweza kusema ni namba ya oda. Hata sasa sijui kwa nini sikusema. Nilimsomea, natafsiri neno kwa neno: "Kushoto, watu sita kwenye uzio, mikono shingoni. Wanaume wanne. Mwanamke mmoja. Mtoto mmoja wa kike nyuma ya sketi ya mama, anaonekana kichwa na mguu, ana kiatu kimoja."

Kwenye duka la jirani walikuwa wanajaza tairi upepo, nilisubiri mpaka wakamaliza.

"Watano," alisema mwishowe. "Mimi nimekuwa nikiwahesabu watano."

Niligeuza picha nikampa lenzi. Alimpata yule mtoto upesi. Ukishaambiwa alipo, humkosi tena. Kisha akaniambia kilichotokea kwenye sherehe. Mjukuu alisimama mbele ya fremu, akapita dirisha moja moja na glasi yake mkononi. Kwenye la tisa akasimama. Akauliza, "Bibi, hapa anaangalia nini?"

Eish. Sikuwa nimeliona hilo, mimi na lenzi yangu. Niliwafunika watu, jicho la Jenerali sikulifunika.

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema anaangalia mti."

Mzee Faraji alileta chai, akaweka na kurudi zake. Madam Ilse alinyoosha mkono, nikadhani anataka kikombe, kumbe anataka penseli iliyokuwa kwenye nywele zangu. Chini ya maandishi yangu akaandika yale yale kwa Kijerumani, kwa mkono wake, pamoja na kile kiatu. Ilimchukua muda. Alipomaliza alipuliza vumbi la penseli kama vile ni unga.

Nikamuuliza kama nikate dirisha jipya, pana.

"Hapana," alisema. "Mbele iache ilivyo. Akiuliza tena, nitamwambia aigeuze."

Kama kijana aliuliza tena, sijui. Kama aliigeuza, sijui. Nilisubiri siku ya jua, nikafunga mgongo, akaichukua. Mzee Faraji amezikwa, karakana sasa inauza betri za simu, na kisu changu nakatia vitunguu.

Sasa turudi kwenye meza yangu, Divine.

Jana nilikupigia nikakuuliza nani aliyekata picha ya mjomba wako. Ukanijibu kwa roho safi, wala sikulaumu: "Ni mimi, mama, kwa simu, pale dukani Point wanapochapa picha. Kulikuwa na mtu mwingine pembeni, alikuwa anaharibu picha. Nilimtoa ili Komanda akae katikati." Nikauliza, ile ya mwanzo iko? Ukasema kwenye simu haiko, ulisevu juu yake. Hapo ndipo mnapotushinda, vijana. Picha zenu hazina mgongo. Mkifuta mtu, hakuna pa kumwandika.

Huyo aliyekuwa anaharibu picha ana kiraka kwenye kiwiko. Kiraka cha kitenge, chenye ndege, na ndege yuko kichwa chini. Nimemwangalia kwa lenzi siku tatu. Nilikishona mimi, Alhamisi asubuhi, Uvira, kwa haraka kwa sababu mume wangu alikuwa anachelewa sokoni na mzigo wake wa sabuni. Alipovaa shati akatazama kiwiko akaniambia, "Mama Neema, ndege wako amelewa." Nikamwambia akirudi nitakigeuza. Hakurudi.

Nilienda kumuulizia. Nilisimama mbele ya Komanda mwenyewe, kambini kwake, Neema mgongoni, yeye miguu juu ya meza. Aliniambia hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Nimeliishi jibu hilo miaka yote hii, na kuna siku nilimwamini, nikamchukia mume wangu kwamba labda alituacha tu. Jumapili mmeniletea vidole vya Komanda kwenye shati lake.

Sikuja kuwavunjia ibada. Komanda ni mjomba wa mtu, labda naye alishika kiti cha baiskeli ya mtu. Mlilieni. Ninachotaka ni kimoja. Neema hana picha ya baba yake, zetu zote zilibaki kwenye nyumba, na nyumba haikubaki. Ameniuliza mara nyingi kama anafanana naye, na mimi uso ule umeanza kunitoroka. Kiraka nakikumbuka kuliko pua. Umesema ile ya karatasi iko kwa mke wa mjomba wako, Uvira. Mwombe. Asiipige kwa simu, asiikunje, asiikate. Aiweke katikati ya kadi mbili ngumu, ampe mtu anayesafiri kuja huku. Na ikiwa mgongoni kuna maandishi ya aina yoyote, jina, siku, hesabu, yaje yalivyo.

Jumamosi ukuta wenu utakuwa mtupu, mnisamehe. Wekeni maua. Kadre itakuja picha ikifika, na Komanda atakaa ndani yake, sitamfunika hata kofia. Nilipoanza kuwaandikia sikuwa nimekata kitu. Sasa jua limetoka, nimekata na kushusha msumeno, mbao ziko tayari hapa miguuni kwangu. Nimezipima kwa macho tu. Upande wa kushoto nimeongeza upana wa mtu mmoja.